Ushuru Hukatwa Bandarini, Hulipwa Lalago



Tangu serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba kila gari liingialo nchini mwake kutoka ng'ambo litatozwa ushuru wa asilimia 25, amri iliyoanza kutumika tarehe 3 Aprili 2025, mataifa yenye viwanda hayakupata usingizi. Japani, Korea na Ujerumani zilitumana wajumbe na kuandikiana hati, hata baada ya miezi kadhaa ya kubembelezana Japani ikapunguziwa ikawa asilimia 15, nao wajumbe wakarejea kwao wakishangilia mzigo ambao mwaka mmoja kabla yake wangeuita dhuluma. Habari hizi zilitufikia sisi kama ugomvi wa majirani unaosikika nyuma ya ukuta, nasi tukauliza zinatuhusu nini, ilhali Tanzania haiundi gari lolote la kumuuzia Mmarekani. Rai yangu, nami nitajitahidi kuieleza kwa taratibu, ni kwamba ushuru wa gari, uwe wa Washington au wa Dodoma, daima hutangazwa kwa jina la mgeni au kwa jina la tajiri, lakini aulipaye mwisho wa safari ni mtu aliye mbali kabisa na bandari, ambaye aghalabu hana gari na wala hatazamii kuwa nalo.

Nimeuchagua mji wa Lalago uwe shahidi wetu. Lalago ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, nao umekaa mahali zinapokutana njia itokayo Maswa, njia iendayo Mwanhuzi katika Meatu, na ile ishukayo Kolandoto hadi Shinyanga. Ardhi ya pande hizo ni ile nyeusi ya mbuga, ambayo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua zikinyesha hunata katika gurudumu hata lori zima likazama mpaka ekseli, na utingo akashuka na jembe huku abiria wakivua viatu. Watu wake wanalima pamba, mtama, mahindi na dengu, wanafuga ng'ombe, na siku za mnada husafiri. Mtu akisimama hapo njia panda siku kama hiyo ataliona Fuso lililofungwa tarubai, limebeba ng'ombe au magunia. Ataiona Noah iliyojaza kupita kiasi. Ataiona Probox, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huiita mchomoko, ina abiria wanne kiti cha nyuma, na mmoja wa ziada amebanwa pamoja na dereva, na juu ya paa kuku wawili, godoro na baiskeli. Ukiacha bajaji na bodaboda, zitokazo India na China, karibu kila kitu chenye magurudumu manne hapo kilianza maisha yake Japani, kikabeba mizigo na mtoto wa shule wa Kijapani kwa miaka saba, kumi au kumi na tano, ndipo kikavuka bahari.

Na kuvuka huko hakukutokea kwa bahati. Serikali ya Japani imeweka sheria kwamba gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima ziendazo nao, ni ghali kiasi kwamba mwenye gari hufika siku akaona afadhali aliuze kuliko kulikagua tena. Gari zima, lenye injini isiyo na kasoro, likapelekwa mnadani kwa bei ambayo kwetu ni ya rakhisi. Kwa hiyo Probox ya Lalago ni mtoto wa siasa tangu mwanzo wake: kama si sheria ya Wajapani wenyewe, iliyowekwa kwa maslahi ya usalama wao na bila shaka kwa maslahi ya viwanda vyao pia, pasingekuwa na mlima wa magari yaliyotumika usubirio kupakiwa katika bandari za Yokohama, Nagoya na Kobe. (Na Wajapani hao hao, nitaje kwa kupita tu, hawatozi ushuru wa forodha wowote kwa gari la kigeni tangu mwaka 1978, na bado Mmarekani hulalamika kwamba magari yake hayauziki kwao. Ushuru si kitu pekee kinachomfanya mtu anunue au aache.)

Katika mnada huo hatuko peke yetu. Mrusi alikuwa mnunuzi mkubwa sana wa magari hayo, mpaka Agosti 2023, wakati Japani, kwa ajili ya vita vya Ukraine, ilipokataza kumpelekea yenye injini kubwa kuliko sentimita za ujazo 1,900. Mnunuzi mwenye fedha nyingi akiondolewa katika aina moja ya bidhaa, hukimbilia aina nyingine, na mizani ya bei hutikisika kotekote. Fundi wa Lalago anayetafuta injini ya gari dogo huenda hajui jina la waziri yeyote wa Moscow, wala hana haja ya kulijua, lakini ameketi meza moja na Mrusi huyo akinyoosha mkono katika mnada uleule. Kadhalika ushuru wa Marekani: kama kiwanda cha Japani kitauza magari mapya machache, na kama raia wa Japani, kwa hofu ya kazi yake, ataamua kulikagua tena gari lake kuukuu badala ya kulibadili, mnada utapungua, na bei tutakayoikuta sisi itakuwa ya juu.

Sasa gari limenunuliwa, limesafiri, limefika Dar es Salaam. Hapa nawaomba subira, kwa kuwa ninataka tufanye hesabu pamoja, na hesabu redioni huchosha. Lakini bila hiyo maneno yote mengine ni hewa.

Tuseme gari dogo la kawaida, lenye injini ya ujazo wa 1,500 na umri uliozidi miaka kumi, thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka hii, kwanza hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, nao ni shilingi milioni 2 na laki 5. Gari limekuwa la milioni 12 na nusu. Ndipo ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ajili ya ukubwa wa injini hukatwa, si juu ya zile milioni 10 za awali, bali juu ya milioni 12 na nusu, yaani pamoja na ushuru wenyewe uliokwisha kuongezwa: shilingi 625,000. Kisha huja ushuru wa uzee, asilimia 30 kwa gari dogo lililozidi miaka kumi, nao pia juu ya milioni 12 na nusu: shilingi 3,750,000. Na baada ya yote hayo kujumlishwa, hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, juu ya jumla nzima: shilingi 3,037,500. Ukivikusanya vyote utapata shilingi 9,912,500, na hapo hatujahesabu ada ya forodha, tozo ya maendeleo ya reli, gharama za bandari, wakala wa kugomboa na usajili. Gari la milioni 10 limelipiwa serikalini milioni 10 nyingine, na katika hizo sehemu isiyo haba ni kodi iliyotozwa juu ya kodi.

Tena milioni 10 zenyewe hazitegemei neno la mnunuzi. Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na ikiwa bei uliyolipa ni ya chini kuliko iliyomo katika orodha, hufuatwa orodha. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa wapo walioleta risiti za uongo; lakini mnunuzi mkweli aliyepata bei nzuri hulipa kodi ya bei ambayo hakuilipa. Na kwa kuwa thamani hiyo huanza kwa dola ndipo igeuzwe shilingi, shilingi ikishuka, kodi hupanda pasipo waziri kufungua kinywa wala bunge kupiga kura.

Hivyo gari likaondoka bandarini, likapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, likafika Lalago likiwa na deni. Aliyelinunua ni mfanyabiashara; pengine alikusanya fedha za mazao ya misimu kadhaa, pengine alikopa. Yeye hakulinunua kwa sadaka. Kila shilingi aliyoiacha Dar es Salaam ataitafuta katika nauli, na nauli haitoki mfukoni mwake. Mama mwenye gunia la dengu na mtoto mgongoni, akitoka kijijini kuelekea mnadani, humuuliza dereva, "Mwanangu, mbona mwaka jana haikuwa hivi?" na dereva humjibu, "Mama, gari ni ghali, na spea ndizo hizo." Mazungumzo huishia hapo, kwa sababu mama hana gari jingine la kupanda, na mkokoteni wa ng'ombe hautamfikisha kabla mnada haujavunjika. Nauli za mabasi makubwa hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kubandikwa. Nauli ya mchomoko uingiao vijijini hupangwa na matope, idadi ya abiria, na deni la mwenye gari. Na mkulima wa pamba je? Bei ya pamba yake hutangazwa kwa kilo, sawa kwa wote, lakini gharama ya lori la kuitoa katika chama cha msingi hadi kiwanda cha kuchambulia imo ndani ya bei hiyo, imekatwa kabla yeye hajaisikia.

Serikali za pwani yetu hazikuanza jana kuupenda ushuru wa forodha. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alipofunga mkataba wa biashara na Wamarekani, ushuru wa bidhaa zao uliwekwa asilimia 5, basi, na forodha yenyewe Sultani hakuisimamia kwa makarani wake bali aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, akina Jairam Shivji, waliomlipa kiasi maalumu kila mwaka na kilichozidi kikawa chao. Dola yoyote iliyo na bandari hupendelea kutoza bandarini, kwa sababu hapo pana mlango mmoja, na mali yote hupita mbele ya macho ya karani. Ilhali kumtoza mtu mapato yake huko aliko kwataka daftari, safari na ugomvi. Nami siilaumu hazina kwa kupita mlangoni. Shule, zahanati na hiyo barabara ya Lalago hazijengwi kwa dua. Ninalolitaka ni kwamba jambo liitwe kwa jina lake: kama muradi wa ushuru ni fedha, tuambiwe ni fedha.

Maana sababu itolewayo mara nyingi ni nyingine. Huambiwa kwamba ushuru mkubwa wa magari ya nje utakuwa ngao ya viwanda vya ndani, na kwamba tukivumilia ughali kwa muda, siku moja tutapanda magari yaliyoundwa hapa. Hoja hii haina upungufu wa akili. Japani yenyewe na Korea zilijilinda hivyo zilipokuwa changa. Lakini sisi tunayo historia yetu ya kuitazama, nayo ni historia ya viwanda vilivyouawa na siasa kabla ushuru haujapata nafasi ya kuvilinda.

Mwezi wa Aprili 1964 serikali za Tanganyika, Uganda na Kenya zilikubaliana huko Kampala kugawana viwanda, ili kila nchi iwe na soko la zote tatu kwa kile ilichopewa. Uganda ilipewa baiskeli na mbolea, Kenya balbu za umeme, na Tanganyika, pamoja na mengine, ikapewa kuunganisha magari ya Land Rover na kutengeneza matairi. Fikirini ingekuwaje: nchi tatu zenye barabara mbaya na haja kubwa ya gari la aina ile, zote zikinunua katika karakana moja. Kenya haikuuridhia mkataba ule. Baadaye Nairobi ikawa na kiwanda chake cha matairi cha Firestone, na Arusha ikawa na General Tyre, viwanda viwili vikigombania wateja ambao pengine wangekitosha kimoja. Kufikia mwaka 1977 Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Kenya wakati huo ilikuwa imekwisha kujenga viwanda vya kuunganisha magari, cha Leyland huko Thika na cha General Motors jijini Nairobi, na ghafla soko la kusini likafungwa komeo. General Tyre ya Arusha nayo iliendelea kwa kusuasua hata ikafunga milango mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na majengo yake yakabaki kuwa ahadi ya kila kampeni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ushuru hujenga kiwanda, mimi humjibu kwamba kiwanda cha magari hujengwa kwanza na soko, na soko la Afrika ya Mashariki liliuawa na mapatano yaliyokosa uaminifu, na si kwa upungufu wa ushuru. Kibaha tulikuwa na kiwanda cha kuunganisha Scania. Papo hapo Kibaha jeshi letu lilisanifu lori la Nyumbu, kazi ambayo mtu yeyote mwenye insafu ataistahi. Na leo Kibaha hiyohiyo malori yanaunganishwa tena na kampuni binafsi kwa vifaa vitokavyo nje. Haya ni mambo mema. Lakini hakuna hata kimoja katika viwanda hivyo kinachotoa Probox, wala Noah, wala kitu chochote ambacho mwenye mchomoko wa Lalago angeweza kukinunua badala ya gari kuukuu la Japani. Ushuru wa uzee haumpeleki kwenye gari la Kibaha. Humwacha palepale, akiwa na fedha pungufu.

Wazee wanaokumbuka miaka ya mwisho ya sabini na ya mwanzo ya themanini watanielewa upesi. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, hazina ya fedha za kigeni ilikuwa tupu, gari jipya halikuagizwa ila kwa kibali, na ilifika hadi kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya adhuhuri kukapigwa marufuku ili petroli ibaki. Lori likiharibika kituo cha pamba, pamba hukaa. Hapakuwa na ushuru mkubwa kuliko ule wa kukosa kabisa. Ndipo katika bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ikaruhusiwa kwamba mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi, na pikapu zikaanza kuonekana hata katika miji ambayo ilikuwa imesahau sauti ya injini mpya. Hapakuwa na falsafa kubwa katika uamuzi ule, ila mlango ulifunguliwa na magari yakaingia.

Wamarekani nao, ambao leo twawasikia wakijenga ukuta, wana historia ya namna hiyo ambayo ingefaa isomwe na waziri yeyote. Mwaka 1962 kuku wa Kimarekani walitozwa ushuru mzito Ulaya, na Rais Johnson akalipiza kwa kuweka asilimia 25 juu ya malori madogo ya kigeni, kuanzia 1964. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani. Ushuru wa pikapu upo hadi leo, umetimiza miaka zaidi ya sitini. Tena mwaka 1981 walimlazimisha Mjapani akubali kutouza kwao zaidi ya magari milioni 1 na laki 6 na 80 elfu kwa mwaka. Mjapani akakubali kwa adabu, kisha akawa anapeleka magari ya bei kubwa zaidi ili kila nafasi imletee faida kubwa, na Honda ikajenga karakana Ohio na kuanza kuunda magari huko mwaka 1982. Kiwanda kikapatikana, ndiyo, lakini mnunuzi wa kawaida wa Marekani alilipa ziada kwa kila gari, la Kijapani na la Kimarekani pia, maana mwenye duka wa ndani akiona mshindani amefungwa mikono hupandisha bei na yeye. Na hiyo ni nchi yenye wanunuzi wa mamilioni, ambayo mgeni anaona fahari kuhamia ili asikose soko. Nani atahamishia karakana yake Simiyu kwa kuogopa asilimia 25 zetu?

Majirani zetu wameshika njia mbalimbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofufuka na kuanzisha ushuru wa pamoja tarehe 1 Januari 2005, viwango vilikuwa sifuri, 10 na 25, na gari likawekwa katika 25, ilhali vifaa vya gari lisilounganishwa viliachwa viingie bure ili kuvuta viwanda. Mwaka 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, na mwaka uliofuata Kenya ikapandisha magari hadi hapo. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka minane. Uganda tangu 2018 hukataa lililozidi miaka kumi na tano. Tanzania haikatazi, bali hutoza: gari dogo la miaka minane hadi kumi, asilimia 15, zaidi ya kumi, asilimia 30, kama tulivyohesabu.

Nakiri kwamba ushuru wa uzee una sababu njema, kwa kuwa gari kuukuu hutoa moshi, huvunjika njiani, na mwisho wake hutuachia chuma cha kuzika. Lakini angalieni kasoro iliyomo. Umri wa gari huhesabiwa bandarini tu. Gari la miaka 11 likiwa mlangoni huadhibiwa kwa uzee wake, ilhali lile la miaka 30 lililokwisha kuingia huendelea kupita Lalago kila siku, springi zake zimechomelewa mara isiyojulikana, breki zake Mungu ndiye ajuaye, nalo halidaiwi chochote kwa umri wake. Tena kwa kadiri lile la miaka 11 linavyokuwa ghali, ndivyo mwenye hili la miaka 30 anavyolazimika kulichomelea tena. Sheria iliyokusudia kupunguza magari mabovu barabarani imeyapa magari mabovu maisha marefu. Kama dhamira ni usalama na hewa safi, mahali pa kuitimiza ni katika ukaguzi wa magari yaliyomo nchini.

Sitaondoka bila kutaja jambo moja, ambalo kwa maoni yangu lafundisha kuliko yote. Zamani kila mwenye gari alilipa leseni ya barabara kila mwaka, naye aliibandika katika kioo, na trafiki aliitafuta. Katika bajeti ya mwaka 2017 serikali iliifuta leseni hiyo, na wenye magari tulifurahi, maana foleni zake zilikuwa adha na faini zake zilikuwa nyingi. Fidia ya mapato yaliyopotea ilitafutwa katika mafuta: shilingi 40 ziliongezwa kwa kila lita ya petroli na ya dizeli, na 40 hizohizo kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja kwamba ya taa yakibaki rahisi yatachanganywa na dizeli na walaghai. Hoja hiyo ya walaghai ni ya kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba siku ile mwenye gari la kifahari Dar es Salaam alisamehewa leseni, na mzee wa kijiji cha kando ya Lalago, ambaye hajapata kumiliki hata pikipiki, alipokwenda dukani na chupa yake kununua mafuta ya koroboi, alianza kuchangia. Hakuna aliyemkusudia mabaya, lakini hakuna pia aliyemkumbuka.

Mkulima wa pamba naye akitaka trekta, dola humfungulia mlango: trekta haina ushuru wa forodha wala kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa ni chombo cha kilimo. Mimi husema vyema. Lakini pamba haimaliziki shambani. Ikisha kuvunwa yataka gari, na gari linaloibeba halipati msamaha kama huo. Sioni ni kwa hekima gani jembe la kulimia lisamehewe na lori la kubebea mavuno litozwe kodi juu ya kodi. Kama hazina haiwezi kuachilia yote, na nakubali haiwezi, basi ianze kwa kuondoa ushuru wa uzee juu ya magari ya mizigo na ya abiria yanayosajiliwa kwa kazi vijijini, iache kutoza kodi juu ya kodi, na fidia iitafute kwenye magari makubwa ya starehe, ambayo wenyewe wana uwezo wa kulalamika magazetini.

Bajeti husomwa Dodoma katikati ya Juni, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai, wakati ambao katika Lalago pamba iko mizanini na kila mtu ana shughuli. Nawaomba mwaka ujao mwache mizani kwa saa moja mkafungue redio, na litakapofika fungu la magari msikilize vizuri ni gari gani limeongezewa na ni gani limesamehewa. Kisha mbunge wenu atakapokuja, muulizeni kwa adabu kwa nini lori la pamba linatozwa kwa uzee wake. Akikujibuni kwamba ni kwa kulinda viwanda vya nchi, mwambieni akutajieni kiwanda hicho kiko wapi na kinauza lori kwa shilingi ngapi.